Kompyuta ya kuchorea ramani: Kazi itangulie, mashine ifuate

KIBARANI, eneo linalompokea msafiri kabla hajavuka Makupa na kuingia kisiwa cha Mombasa, ni mahali ambapo ramani huchakaa upesi. Kwa miaka mingi eneo hilo lilijulikana kwa jaa kubwa la taka lililokuwa kando ya maji. Mwaka wa 2018 serikali ya Kaunti ya Mombasa ilichukua hatua ya kulifunga jaa hilo, taka zikaelekezwa Mwakirunge, na kazi ya kuligeuza eneo hilo kuwa bustani ya mapumziko ikaanza. Mwaka wa 2022 daraja jipya la Makupa likafunguliwa, likachukua nafasi ya tuta la zamani lililokuwa limeyatenga maji ya Tudor na yale ya Port Reitz.

Kwa hivyo, anayetaka kujua jaa lilifika wapi, ukingo wa bahari ulikuwa wapi, au nyumba zipi zilikuwa karibu na taka, hana budi kulinganisha ramani za miaka tofauti. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu, rula na karatasi ya kunakilia. Siku hizi hufanywa kwa kompyuta. Na hapo ndipo swali linapozuka: ni kompyuta gani inayofaa, na iwe na mfumo upi, ili programu ya ramani ikubali kufanya kazi na ramani zenyewe zisipotee baada ya miaka michache?

Swali hili si la mafundi pekee. Kikundi cha vijana wanaohifadhi mikoko, shirika linalotetea wakazi wa mitaa ya mabanda, ofisi ya mpima ardhi na mwanafunzi wa chuo, wote hulikabili. Na wengi hufanya kosa moja: hununua mashine kwanza, kisha wakaanza kutafuta programu itakayoingia humo. Utaratibu unaofaa ni kinyume cha huo. Kwanza ijulikane kazi, pili data iliyopo, tatu programu, nne mfumo endeshi, na mashine iwe ya mwisho.

Ramani si picha

Ili kuelewa sababu ya utaratibu huo, yafaa kwanza kufahamu ramani ya kompyuta ni kitu gani. Si picha ya kutazamwa tu. Ni rundo la tabaka zilizolazwa moja juu ya nyingine: tabaka ya barabara, ya majengo, ya ukingo wa bahari, ya mipaka ya viwanja, na chini yake pengine picha iliyopigwa na setilaiti. Kila nukta katika tabaka hizo ina nambari zinazoeleza mahali pake hasa juu ya uso wa dunia.

Programu ya ramani ndiyo inayozisoma nambari hizo na kuzipanga. Nayo programu haizungumzi na mashine moja kwa moja, bali hupitia kwa mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayosimamia diski, skrini, kibodi na vifaa vingine vyote. Mifumo inayotumika zaidi kwa kazi hii ni mitatu: Windows ya kampuni ya Microsoft, macOS ya kampuni ya Apple, na Linux, ambayo hutolewa bure kwa sura nyingi, Ubuntu ikiwa mojawapo ya zile zinazojulikana sana. Programu iliyoandikwa kwa mfumo mmoja haifunguki tu hivi hivi katika mfumo mwingine. Ndiyo maana uzuri wa mashine pekee hautoshi.

Programu ndiyo huamua

Upande wa programu, jina linalosikika zaidi katika ofisi kubwa ni ArcGIS ya kampuni ya Esri ya Marekani. Kwa miaka mingi wataalamu walitumia ile inayoitwa ArcMap. Mwaka wa 2015 Esri ilileta mrithi wake, ArcGIS Pro, na ikaweka Machi 1, 2026 kuwa siku ya kuistaafisha ArcMap. ArcGIS Pro imeandikwa kwa Windows pekee. Haina toleo la macOS wala la Linux.

Kwa wenye kompyuta za Apple jambo hili lina uzito wa pekee. Zamani, kompyuta hizo zilipokuwa na prosesa za Intel, mtu aliweza kuigawa diski na kuweka Windows upande mmoja. Mnamo Novemba 2020 Apple ilianza kuuza kompyuta zenye prosesa zake yenyewe, na njia hiyo haikuwekwa katika mashine hizo. Zipo njia nyingine za kuzungukia tatizo, lakini ofisi inayotegemea ArcGIS Pro kwa kazi ya kila siku haina sababu ya kujitafutia mzigo huo.

Wapima ardhi nao wana sharti kama hilo. Programu ya AutoCAD ina toleo la macOS, lakini Civil 3D, inayotumiwa kupangia barabara na viwanja, ni ya Windows peke yake. Vivyo hivyo programu za ofisini zinazokuja na vipokezi vya kupimia ardhi vya Trimble na Leica huandikwa kwa Windows. Ofisi yenye vipokezi hivyo imekwisha kuchaguliwa mfumo hata kabla haijaingia dukani.

Kwa upande mwingine kuna programu huria, ambazo mtu hupata bila kulipia leseni na ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Iliyo mashuhuri zaidi ni QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka wa 2002. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Januari 2009. QGIS hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux, na faili iliyotengenezwa katika mmoja hufunguka katika mwingine. Dada yake mkubwa, GRASS, ilianza katika miaka ya 1980 chini ya wahandisi wa jeshi la Marekani na ingali inatumika.

Kenya yenyewe ina ushahidi kwamba kazi nzito yaweza kufanywa kwa zana huria. Mwaka wa 2009 mradi wa Map Kibera uliwafundisha vijana wa mtaa wa Kibera jijini Nairobi kupima njia, vyoo, shule na zahanati kwa vifaa vidogo vya GPS, na kuziingiza katika OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu mwaka wa 2004. Kabla ya hapo, mtaa huo wenye maelfu ya wakazi ulikuwa karibu kiraka kitupu katika ramani nyingi. Programu ya JOSM, inayotumiwa sana kwa uchoraji wa aina hiyo, hutegemea Java, na kwa hivyo hufunguka katika mifumo yote mitatu.

Kwa hivyo jibu la kwanza ni rahisi. Kazi ikihitaji ArcGIS Pro, Civil 3D au programu ya kipokezi fulani, mfumo ni Windows, na mjadala umekwisha. Kazi ikiweza kufanywa kwa QGIS, mnunuzi ana uhuru wa kuchagua, na fedha ambazo zingelipia leseni zaweza kwenda kwenye memori, diski ya akiba au mafunzo.

Iko njia ya tatu ambayo wengi huipitia kimyakimya, nayo ni kuweka nakala ya wizi ya programu ya kulipiwa. Mbali na kuvunja sheria, nakala hizo hazipati masahihisho, mara nyingi hubeba virusi, na zaweza kugoma siku ile kazi inapotakiwa. Ramani inayotarajiwa kuwekwa mbele ya mahakama au mbele ya mkutano wa wakazi haifai kusimama juu ya msingi wa aina hiyo.

Umri wa mfumo

Kuchagua mfumo hakutoshi; umri wake nao hutazamwa. Kila mfumo una siku ambayo mtengenezaji huacha kuutolea masahihisho ya usalama. Windows XP, iliyotawala ofisi nyingi za Afrika Mashariki katika miaka ya 2000, ilifikia siku hiyo Aprili 8, 2014. Windows 7 ikafuata Januari 14, 2020. Kwa Windows 10, usaidizi wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025.

Hili lina maana kubwa kwa mnunuzi wa Mombasa, kwa kuwa kompyuta nyingi zinazouzwa madukani ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo. Mashine ya aina hiyo yaweza kuwa na afya njema na bado ikakataliwa na Windows 11, ambayo hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa zile za Intel, kwa jumla ni kuanzia kizazi cha nane. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aulize kizazi cha prosesa, asiridhike na kuambiwa tu kwamba mashine ni "Core i5" au "Core i7". Majina hayo yamekuwapo kwa zaidi ya miaka 15, na Core i7 ya mwaka wa 2011 yaweza kushindwa na Core i5 ya mwaka wa 2019.

Mashine iliyokataliwa na Windows 11 si lazima itupwe. Ubuntu ya matoleo ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili na hupata masahihisho ya kawaida kwa miaka mitano. Ikiwekwa humo pamoja na QGIS, kompyuta ya zamani yaweza kuendelea kuchora ramani. Gharama yake ni muda wa kujifunza mazingira mapya, na hakikisho kwamba printa na vifaa vingine vya ofisi vinakubaliana na Linux.

Memori, diski na skrini

Baada ya programu na mfumo kujulikana, ndipo mashine yenyewe huchaguliwa. Hapa hesabu husaidia kuliko matangazo. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka wa 2015, hutoa picha bure ambapo kila pikseli huwakilisha mita 10 za ardhi. Kipande kimoja cha picha hizo kina pikseli 10,980 kwa upana na 10,980 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni 120. Kila pikseli ikichukua baiti mbili, rangi moja tu huhitaji karibu megabaiti 241. Rangi nne zikifunguliwa pamoja zinakaribia gigabaiti moja. Mtu akilinganisha Kibarani ya kabla ya mwaka wa 2018 na ya baadaye, picha ni mbili, na matokeo ya hesabu nayo yanahitaji nafasi.

Ndiyo maana kompyuta yenye memori ya gigabaiti 4 huanza kusota mapema. Gigabaiti 8 hutosha kwa kujifunza na kwa ramani ndogo za mtaa. Gigabaiti 16 ni kiwango cha starehe kwa QGIS. Kwa ArcGIS Pro na kazi za picha nzito, 32 si anasa. Kazi ya kuunganisha mamia ya picha za droni kuwa ramani moja hula memori kuliko zote, na yaweza kuhitaji hata zaidi.

Mfumo nao uwe wa biti 64. Programu za biti 32 haziwezi kutumia zaidi ya takriban gigabaiti 4 za memori hata mashine ikiwa na 32. Hicho kilikuwa kimoja kati ya vikwazo vya ArcMap.

Diski iwe ya SSD, kwa kuwa programu za ramani husoma na kuandika faili wakati wote. Kadi ya michoro ni muhimu kwa ArcGIS Pro na kwa ramani za pande tatu, lakini kwa ramani za kawaida za QGIS si lazima kununua ile ya bei ya juu. Skrini pana husaidia kuliko wengi wanavyodhani, maana mchoraji hukaa na ramani upande mmoja na majedwali upande mwingine.

Mazingira ya Pwani nayo yana neno. Joto, unyevu na hewa ya chumvi huvila vyuma na kuziba feni kwa vumbi. Kompyuta ya mezani iliyo rahisi kufunguliwa na kusafishwa mara nyingi huishi zaidi ya laptopu nyembamba, na huongezwa memori bila taabu. Laptopu hufaa kwa anayekwenda uwanjani. Atakayechagua ya mezani aweke pia betri ya UPS, kwa sababu umeme ukikatika wakati faili inaandikwa, kazi ya siku nzima yaweza kuharibika.

Mita 300 za hatari

Kuna jambo moja ambalo mashine ya bei yoyote haiwezi kumwokoa nalo mchoraji asiyelifahamu. Ramani za zamani za Kenya, zikiwemo zile za kipimo cha 1 kwa 50,000 za Idara ya Upimaji, zilitumia msingi wa kipimo uitwao Arc 1960, ambao huichukulia dunia kuwa na umbo la duaradufu ya Clarke ya mwaka wa 1880. Simu na vipokezi vya GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84. Mombasa huangukia ukanda wa 37 Kusini katika misingi yote miwili, na nambari zake hufanana kwa sura. Lakini hazioneshi mahali pamoja.

Nambari za Arc 1960 zikisomwa kana kwamba ni za WGS 84, kila kitu huhama kwa takriban mita 300, hasa kuelekea kaskazini. Katika mbuga pana pengine mtu hatatambua. Kibarani, ambako nchi kavu, barabara na maji vimekaribiana, umbali huo watosha kulihamisha jaa likaingia baharini, au kuonesha nyumba iliyokuwa pembeni mwa taka kuwa mbali nazo. Mkazi anayedai kuwa aliathirika aweza kupoteza haki yake kwa sababu ya kosa la mtu aliyebofya mahali pasipofaa.

Programu nzuri huzitambua tofauti hizo. Katika orodha ya kimataifa ya EPSG, Arc 1960 ya ukanda huo ina nambari 21037, na WGS 84 ina nambari 32737. QGIS na ArcGIS Pro zote huzifahamu na huweza kubadilisha moja kuwa nyingine. Lakini ni lazima faili ijitambulishe. Faili za aina ya shapefile, zinazotumika sana, kwa kweli ni kundi la faili kadhaa zenye jina moja, na ile yenye kiambishi cha .prj ndiyo hueleza msingi wa kipimo. Mtu akinakili mbili tatu na kuiacha hiyo, ramani hufika upande wa pili ikiwa haijui kwao.

Mfumo endeshi huingia hapa pia. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, ilhali Linux hutofautisha. Faili iitwayo "Makupa.shp" na nyingine iitwayo "makupa.SHP" ni kitu kimoja kwa Windows, lakini ni vitu viwili kwa Linux. Ofisi itakayotumia mifumo yote miwili iamue mapema kuandika majina yote kwa herufi ndogo na bila nafasi katikati.

Faili zitakazodumu

Mtihani wa mwisho wa chaguo lolote ni huu: je, ramani ya leo itafunguka miaka 10 ijayo? Ofisi nyingi zilizotumia ArcMap ziliweka kazi zao katika hifadhidata za .mdb, ambazo zilijengwa juu ya programu ya Microsoft Access. ArcGIS Pro haizitumii hifadhidata hizo. Ofisi iliyotupa kompyuta ya zamani kabla ya kuhamisha data yake yaweza kujikuta na kumbukumbu za eneo ambalo halipo tena, na isiweze kuzisoma kwa urahisi.

Tiba yake ni kuhifadhi nakala katika muundo ulio wazi. GeoPackage, uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka wa 2014, huweka tabaka zote katika faili moja, hubeba maelezo ya msingi wa kipimo, na hufunguka katika QGIS na ArcGIS Pro. Nakala moja ikae katika kompyuta, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu mbali na jengo hilo.

Yafaa pia kukumbuka mpaka wa kazi yenyewe. Ramani iliyochorwa na kikundi cha mtaa yaweza kuwa ushahidi wenye nguvu wa hali ya mahali, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya mpaka rasmi wa kiwanja. Kazi hiyo, chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, ni ya mpima ardhi mwenye leseni.

Kwa anayekwenda kununua kesho, kipo kipimo kimoja kinachozidi maelezo yote ya muuzaji. Abebe diski ndogo yenye ramani zake mwenyewe, zile nzito na zile kuukuu. Aombe programu atakayotumia iwekwe katika mashine hiyo, afungue faili zake, alaze picha ya setilaiti chini ya tabaka zake, kisha atazame kama barabara ya Makupa imelala juu ya barabara. Mambo yakikubaliana, hiyo ndiyo kompyuta yake. Yakikataa, aiache dukani, hata iwe mpya namna gani.

Wahenga wa Pwani walinena kwamba ukiona vyaelea, vyaundwa. Jaa la Kibarani limefungwa na tuta la Makupa halipo tena. Yatakayobaki kuwaeleza watoto wa kesho yalivyokuwa ni ramani, mradi zifunguke.